Siku Tuliyolipa Kuona Ngamia

Kaka yangu alishuka garini Desemba ile akiwa amevaa kizibao cha rangi ya vumbi, cha mifuko mingi, kama vile wazungu wanavyovaa wakija kutafuta simba. Mifuko ilikuwa kifuani, ubavuni na hata mgongoni, na yote ilikuwa mitupu. Huyu ni mtu niliyechunga naye mbuzi nyuma ya uwanja wa ndege, miguu mitupu, makamasi yakitukauka juu ya mdomo. Sasa anakuja nyumbani kwao Kiwanjani, hapa Isiolo, amevaa kitalii. Nilimpa mkono, nikamwambia karibu, na moyoni nikasema huyu amepotea na hana habari.

Hakuja kutusalimia tu. Alikuja kumchukua mama.

Mama yetu tunamwita Ayo, jinsi Waborana wanavyomwita mama. Amekaa na mimi tangu mume wangu alipokwenda Moyale kutafuta biashara akapata mke. Kila asubuhi napokea maziwa ya ngamia yanayoletwa kwa pikipiki kutoka malishoni, nayachuja, nayachemsha, nayapakia kwenye basi la Nairobi. Ayo hukaa kando yangu akifukiza mitungi kwa moshi wa kuni na kunisuta kwamba mikono yangu ni mizito. Hiyo ndiyo nyumba yangu. Sina mtoto. Mtu akiniuliza nina nani, jibu ni yeye.

Kwa miezi mingi kaka alikuwa amesema kwenye simu kwamba Ayo amezeeka, magoti yamemchoka, hospitali za Nairobi ni nzuri, na kwamba nyumbani kwake, ghorofa ya nne, kuna chumba kitupu chenye dirisha kubwa. Dirisha hilo alilitaja kila mara, utadhani sisi Isiolo tunaishi ndani ya mashimo ya panya. Ayo hakusema ndiyo wala la. Alisema tu, "Akija nitamjibu." Na alipokuja, akala, akanywa chai, akauliza tena, Ayo akamwambia angoje.

Kaka hajui kungoja. Amekaa Nairobi mpaka anafikiri kila jambo lina kitufe cha kubonyeza. Jioni hiyo hiyo akatutangazia mpango wake.

"Kesho tunatoka sote kama familia," alisema. "Tunaenda kuona wanyama, tunakula lanchi huko huko, halafu Ayo anatupatia jibu yake. Ama namna gani?"

Nikacheka. Mimi nikiogopa hucheka watu, na siku hizo nilikuwa naogopa sana. Lakini pia, kweli jamani, kuona wanyama? Sisi? Ayo amelala na fisi wakikoroma nyuma ya ua maisha yake yote. Amefukuza chui kwa kijinga cha moto. Huyu ndiye wa kupelekwa kuonyeshwa wanyama, kama mtoto wa nasari aliyevalishwa soksi nyeupe.

Hiyo bustani ya wanyama ilikuwa mpya, kupita Ngaremara, kando ya lami inayopanda kaskazini. Kuna tajiri, ambaye hakuna mtu ninayemjua aliyewahi kumwona, alizungushia pori waya, akaingiza trekta, akang'oa migunga yote iliyokuwa ndani, halafu akaleta migunga mingine kwa lori akaipanda. Kwenye bango la barabarani akaandika kwamba wanyama wake wanaishi katika mazingira yao ya asili. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikienda kutafuta maziwa, na kila nikisoma bango hilo nilitaka kuteremka nilipige teke.

Tuliondoka asubuhi. Ayo alikaa mbele, baibui yake mpya ikinukia udi, na mimi nyuma pamoja na wifi yangu na binti yao. Wifi ni mzaliwa wa Nairobi, Mborana wa jina tu, na alikuwa amevaa kofia pana kiasi kwamba kila akigeuka ilinikwangua shavu. Mtoto alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Hajui Kiborana hata cha kuombea maji. Anajua Kiingereza, na Kiswahili cha Nairobi ambacho Ayo, mwenye Kiswahili chake cha sokoni, hakipati. Kwa hiyo nyanya na mjukuu walikuwa wakitabasamiana tu, kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya benki.

Tulipopita Ngaremara, twiga walikuwa wamesimama karibu na barabara, familia nzima, wanakula juu ya mti kwa starehe zao. Mmoja aligeuza shingo akatutazama.

"Simama mtoto aone," nikamwambia kaka.

"Tutaona huko," akasema, mguu hata hakuinua. "Huko ziko karibu zaidi, na kuna maelezo."

Mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa na tableti mapajani, anachezesha ndizi inayoruka. Ayo aliwatazama wale twiga kupitia dirishani mpaka wakapotea nyuma, halafu akamtazama mwanawe, halafu akaitazama barabara. Nilifurahi. Nikasema, haya kaka yangu, endelea hivyo hivyo, kazi yangu unanifanyia wewe mwenyewe.

Langoni walitufunga mikononi vijikaratasi vya kijani, kama wagonjwa wa hospitali. Msichana wa hapo alituambia "karibuni porini" na meno yote nje. Nyuma yake kulikuwa na jiwe kubwa jekundu, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka juu yake hadi kwenye kidimbwi. Nikaligonga kwa kidole. Lilikuwa tupu ndani. Lilikuwa simiti iliyopakwa rangi, na lilikuwa na mpira wa maji tumboni, na nilipoinama niliona koki. Huko mtaani Bulla Pesa kuna akina mama wanaopanga mitungi tangu giza wakisubiri bomba litoe hata mate, na hapa maji yanatembezwa juu ya jiwe la uongo ili yapendeze macho. Nilimwita Ayo aje aone. Akaligonga naye, akasikiliza, akasema kwa Kiborana, "Kumbe hata mawe yameanza kufa njaa."

Tulicheka mimi na yeye mpaka wifi akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna.

Basi tukaanza kuzungushwa. Kila mnyama alikuwa na mahali pake palipotengenezwa pafanane na kwao, na kila mahali palikuwa na kibao. Palikuwa na kichuguu kilichokuwa na spika ndani, kinalia kama nyenje. Palikuwa na mti mkavu uliochomelewa kwa vyuma, na tumbusi mmoja juu yake ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, na simlaumu. Simba alikuwa amelala nyuma ya kioo, miguu juu, kama diwani aliyekula akashiba. Kaka alisimama mbele ya kila kibao akasoma kwa sauti. Alitusomea kwamba punda milia wa kaskazini ana mistari myembamba. Alimsomea Ayo! Mwanamke ambaye alimfundisha yeye kutofautisha nyayo za punda milia na za punda wa nyumbani kabla hajajua kufunga suruali.

Ayo aliitikia "ee, ee" kwa upole. Magoti yalikuwa yanamuuma, naona alivyokuwa akiweka mguu. Lakini nilikuwa na raha yangu mbaya. Nilikuwa nikihesabia ujinga wote ule upande wangu. Nilisema moyoni, mwanamke mwenye akili zake timamu, akishaona mwanawe amegeuka kuwa kitu gani, atamwambia nenda salama, mimi nabaki na binti yangu.

Kwa fisi ndipo Ayo alipopandwa na hasira. Fisi walikuwa wawili, wamenenepa, manyoya yanang'aa, wamelala kwenye kivuli kilichojengwa makusudi. Ayo alipowaona mkono wake ulishuka chini wenyewe, ukaokota jiwe.

"Mama, hapana rusha mawe," mlinzi akasema mbio mbio. "Hiyo ni ya kampuni."

"Hii nakula nini?" Ayo akamuuliza kwa Kiswahili chake.

"Mbuzi, mama. Tunaipatia mbuzi."

Ayo akanigeukia mimi, akauliza kwa Kiborana kama amesikia vizuri, kwamba kuna watu wanaamka asubuhi, wanachagua mbuzi, wanampelekea fisi. Nikamwambia amesikia vizuri. Kwamba mbuzi hufikishwa mpaka mlangoni kwa fisi, fisi hajisumbui hata kutembea. Mwaka ule wa kiangazi kikubwa, mbuzi wetu waliokuwa bado wanasimama waliliwa na fisi usiku hata masikio hayakubaki. Na ngamia wake Ayo walikufa mmoja baada ya mwingine hadi wakabaki wachache tu, wako kwa binamu yetu upande wa Kulamawe. Ayo aliweka lile jiwe chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, akaondoka.

Kaka alicheka. "Ayo bado ni mkali," akasema. Nilimchukia wakati huo, nasema wazi. Nilimchukia yeye na kizibao chake.

Tukafika mwisho wa njia. Kibao kilisema hapa ni boma la wafugaji wa kaskazini pamoja na ngamia wao.

Kulikuwa na ua wa miiba, umepangwa kwa kamba ukanyooka, na ngamia jike mmoja amevikwa vishada vya nyuzi nyekundu shingoni kama gari la harusi. Kulikuwa na nyumba ya fito na mikeka. Mikeka ilikuwa ya dukani. Kengele ya mti, ile ambayo sisi tunamfunga ngamia shingoni ili asipotee, walikuwa wameitundika mlangoni, na watoto wa wageni walikuwa wakiitikisa kwa zamu na kukimbia. Na mbele ya nyumba, kwenye kigoda, amejifunga shuka jekundu, shanga mpaka masikioni, fimbo mkononi, aliketi mfugaji mwenyewe.

Nilimtambua mara moja. Alikuwa fundi wa mawe kutoka Bulla Pesa, Mmeru, mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu. Ndiye aliyenipigia plasta jikoni. Alinitambua pia. Macho yake yalinisihi kutoka chini ya zile shanga.

"Mama Maziwa," alininong'oneza nilipokaribia, "usiniseme kule mjini. Kazi ni kazi."

Nilikuwa nakaribia kupasuka kwa kicheko. Niligeuka nimwite Ayo aje ashuhudie, na hapo ndipo niliona kwamba Ayo hakuwa nyuma yangu.

Alikuwa amesimama mbali, nje ya ua, pale ambapo miiba iliishia. Amesimama wima, mikono imekutana mbele, uso ameuelekeza kando kidogo, si ndani ya nyumba. Wageni walikuwa wakimpita kulia na kushoto wakiingia mpaka mlangoni kutikisa kengele. Yeye hakusogea. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa kicheko changu kiliisha. Alikuwa anangoja kupokelewa. Kwetu mgeni haingii tu kwenye boma la watu. Husimama pembeni aonekane, anatoa salamu, anangoja mwenyewe atoke amkaribishe, ampe mahali pa kukaa na kitu cha kunywa, ndipo habari zianze. Ayo alikuwa ameona nyumba, ngamia na mtu amekaa mlangoni. Magoti yanamuuma, jua kali, na amesimama kama alivyofundishwa na mama yake.

"Nagaya?" aliita kwa sauti, akiwatakia amani watu wa nyumba.

Fundi alinitazama mimi. Nilimtazama yeye. Nadhani walikuwa wamemwambia asiseme na wageni, akae tu achonge fimbo. Ayo akaita mara ya pili. Wageni wakaanza kugeuka.

Na hapo simu zikatoka. Mama mmoja mwenye miwani ya jua alirudi nyuma hatua kadhaa ili Ayo na ngamia waingie pamoja kwenye picha. Mumewe akamwambia, "Huyu sasa ndiye orijino." Kijana mwingine akachuchumaa mbele ya mama yangu, karibu kabisa, akampiga picha ya uso kutoka chini. Ayo alimtazama kwa heshima, akifikiri labda ni mtoto wa boma anakuja kumsalimia. Nilimfuata yule kijana nikamwambia kama anataka kupiga picha akampige nyanya yake, na nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika.

Lakini fundi alikuwa ameinuka. Alivuka ua na shanga zake zikigongana, amebeba kigoda chake mwenyewe. Alikiweka kivulini.

"Karibu, mama. Keti hapa," akasema. Akarudi ndani, akatoka na thamosi ya chai, ile ya kunywa yeye mchana, akammiminia kwenye kifuniko.

Ayo akaketi. Akanywa. Akamshukuru Mungu. Kisha, kwa sababu sasa alikuwa mgeni aliyepokelewa, akaanza kuuliza habari kwa Kiswahili kile kile cha sokoni.

"Mvua iko?"

"Kidogo, mama," fundi akasema.

"Watu iko salama?"

"Salama kabisa."

"Ngamia iko?"

Fundi aliangalia yule ngamia mwenye vishada. "Iko," akasema. "Iko moja."

Ayo akaacha kunywa. "Moja? Ingine nakwenda wapi? Nakufa na ile kiangazi?"

Maskini fundi. Angesema nini? Kwamba yeye ni mtu wa simiti, kwamba ngamia ni wa kampuni na jioni anavua shanga anapanda pikipiki kwenda kwake? Alinitazama tena, akainamisha kichwa. "Ilikufa, mama," akasema.

Ayo aliweka kifuniko cha chai chini. Akanyoosha mkono akamshika fundi mkono, akaanza kumpa pole. Si pole ya kupita njia. Alimwombea dua ndefu kwa Kiborana, kwamba aliyechukua ndiye anayerudisha, kwamba huyo jike aliyebaki azae majike, na zizi lijae tena mpaka pakosekane pa kukanyaga. Aliomba kwa macho yaliyofumba. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwombea hivyo ngamia wake walipokufa, maana kila mtu alikuwa anazika wake. Fundi hakuelewa hata neno moja, lakini alikaa amechuchumaa kitambi chake mapajani, mkono umeshikwa, na baada ya kila kituo akasema "amina" ya kanisani kwao.

Watu walikuwa wamezunguka. Simu zote juu.

Wakati huo ndipo yule mtoto alinivuta nguo. Alikuwa ameacha tableti kwa mama yake. Alikuwa akimtazama nyanya yake, nyumba, ngamia, na watu wanaopiga picha, na uso wake ulikuwa umeiva kwa kufikiri.

"Anti," akaniuliza, "kumbe hapa ndio kwao Grani? Yeye ni wa hii zuu?"

Hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kujua. Niliona kaka yangu amelisikia, uso umemshuka, na mimi, Mungu ananijua, nilishukuru. Hili lilikuwa bora kuliko twiga, kuliko jiwe, kuliko mbuzi wa fisi. Mtoto wa kaka yangu anamwona mamangu akadhani ni mali ya bustani. Nilitaka nini zaidi?

Ayo alikuwa amemaliza dua. Aliniuliza mtoto anasema nini.

Nilimtafsiria. Nilimtafsiria kwa Kiborana safi, kwa sauti ya kutosha kumfikia kaka, na sikupunguza neno. Nikamwambia, "Mjukuu wako anauliza kama wewe ni mmoja wa wanyama wa hapa. Haya ndiyo wanayomfundisha huko kwenye dirisha kubwa." Nilipomaliza nilimtazama kaka moja kwa moja. Alikuwa ameangalia chini, mikono ameitia ndani ya ile mifuko mitupu.

Ayo alimwita mtoto kwa kidole. Mtoto akaenda, akasita, akaenda tena. Ayo akainuka kwa shida akimshikilia bega, wakasogea wote wawili mpaka kwa ngamia. Mtoto alijificha nyuma ya baibui. Ayo akauchukua ule mkono mdogo akauweka juu ya shavu la ngamia, akaubana hapo na wake juu, mpaka mtoto akaacha kutetemeka. Akamwambia neno la Kiborana la ngamia. Mtoto akalisema, akalikosea. Ayo akalirudia. Walisimama hapo muda mrefu sana, kaka akaanza kuangalia saa, na hakuna aliyethubutu kuwaita.

Chakula kilikuwa kwenye banda la makuti, ambako viti vilikuwa vimechongwa vifanane na magogo na vilikuwa vigumu kama magogo kweli. Waliweka chipsi na kuku kwenye vikapu vidogo, utadhani tunawalisha vifaranga. Kaka, ile sauti ya kusoma vibao ilikuwa imemkauka. Alikuwa anamwangalia mama kama mtu anayesubiri hakimu arudi kutoka chemba, na najua kwamba alijua ameshindwa. Mimi nilikula vizuri. Niliomba na soda ya pili.

Ayo alikuwa akimchambulia mtoto nyama kutoka kwenye mfupa. Bila kuinua macho, alisema kwa Kiborana, "Nitakwenda Nairobi."

Nilidhani anamtania. Kaka naye alidhani hivyo, kwa sababu hakujibu. Wifi akauliza amesema nini.

"Ayo," nikasema, "hukuona? Hukusikia alichosema huyu?"

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Basi unakwenda kwa watu kama hawa?"

Akamwekea mtoto kipande cha nyama mkononi. Akafuta vidole vyake kwenye karatasi.

"Wewe unanijua," akasema. "Unajua nalala upande gani, unajua nikikasirika. Nimekwisha kukulea. Huyu ni damu yangu na amenikuta kwenye boma la maonyesho, hajui kama natoka humo. Nikifa kabla hajanijua, atawaambia watoto wake nini? Kwamba aliniona siku moja, pamoja na fisi?"

Nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia kwamba hapo ghorofani hakuna mtu wa kusema naye lugha yake, kwamba watamfungia ndani waende kazini, kwamba magoti hayatapanda ngazi. Kaka akaanza kusema kuna lifti, nikamwambia anyamaze. Nilimwambia na mimi je. Hilo nililisema mwishoni, na nililisema vibaya, sauti ikanikatika mbele ya wifi na kofia yake. Ayo alinishika mkono kwa ule mkono wake wa mafuta ya kuku.

"Wewe ni mtu mzima," akasema. "Unafanya kazi yako vizuri. Sikukwambia kwa sababu ungevimba kichwa."

Njia nzima ya kurudi nilikaa nyuma nikitafuta cha kudharau. Sikukosa: kofia, kijikaratasi cha kijani mkononi, kaka anavyoshika usukani kwa vidole viwili sasa amefurahi tena. Lakini kila nilichokiokota hakikunifaa kitu. Mtoto alikuwa amehamia mbele, mapajani mwa Ayo, jambo ambalo polisi wangetukamata nalo, na Ayo alikuwa akimtajia vitu kupitia dirishani: mbuzi, mwiba, mlima, punda. Mtoto alikuwa akikosea yote. Ayo alicheka kila alipokosea, kicheko kile cha kutoka tumboni ambacho nilidhani anacho kwa ajili yangu tu, tukiwa na mitungi yetu.

Tulipofika nyumbani hakutaka kupumzika. Alitoa sanduku lake chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo, huku mimi nimesimama mlangoni. Aliniuliza kama Nairobi kuna baridi.

Nikamwambia kuna baridi sana. Nikamwambia baridi ya huko inaingia kwenye mifupa, na wazee wengi hawaimudu, na kuna miezi jua halionekani kabisa.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Basi niletee sweta yako ile nene," akasema, "maana wewe hutaihitaji."

Nikaenda kumletea.